"Pumzika, Mzee": Nafasi ya Lugha katika Kuwahimiza Wazee Kudumisha Mazoezi ya Mwili

Utangulizi

Katika nyumba nyingi za humu nchini Kenya, mzazi anapokaribia umri wa miaka sabini, wanawe hukutana wakakata shauri. Jembe hutiwa stoo. Ndoo ya maji hukabidhiwa kijana aliyeajiriwa. Ng'ombe aliyekuwa akikamwa na mzazi huyo kila alfajiri huuzwa, au hutafutiwa mtu mwingine wa kumkama. Kisha kiti kizuri chenye mito huletwa kutoka mjini, kikawekwa barazani, na mzazi akaambiwa neno moja linalobeba mapenzi na shukrani za wanawe wote: "Pumzika."

Neno hilo hutamkwa kwa nia njema. Mzazi aliyelima, akabeba, akalea na kusomesha ana haki ya kutua mzigo. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja au miwili, jambo la kusikitisha huanza kushuhudiwa. Yule aliyekuwa akipanda kilima kwenda shambani huanza kushika ukuta anapokwenda msalani. Kuinuka kitini huwa kazi. Safari ya kwenda kumjulia hali jirani hukoma. Watu hutikisa vichwa wakasema, "Ni uzee." Makala haya yanafafanua kwamba mara nyingi si uzee peke yake, ni kile kiti, na lile neno lililokileta.

Suala hili si dogo. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Wakenya waliotimiza umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa takribani milioni 2.7. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inawatambua wazee kuwa watu wenye haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, kujiendeleza kibinafsi, kuishi kwa heshima na kupata utunzaji ufaao kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Ni vyema kuzingatia mpangilio huo. Kushiriki na kujiendeleza vimetangulia, kutunzwa kumefuata. Katika maisha ya kila siku, aghalabu utaratibu huo hupinduliwa: mzee hutunzwa kwanza, na kushiriki husahauliwa.

Makala haya yanaangalia kwanza jinsi Kiswahili kinavyousawiri uzee. Pili, yanaeleza kinachotukia mwilini mtu anapoacha kutumia viungo vyake, na kiasi cha mazoezi kinachopendekezwa. Mwisho, yanajadili vizuizi vinavyowakabili wazee na namna ya kusema nao ili himizo lisigeuke kuwa amri wala dharau.

Uzee katika msamiati wa Kiswahili

Kiswahili kina majina kadhaa ya kumtaja mtu aliyekula chumvi nyingi. Liko neno *mzee*, ambalo limevuka mipaka ya umri likawa jina la heshima. Mkubwa wa ofisi huitwa mzee hata akiwa na umri wa miaka arubaini, na rais wa kwanza wa Kenya, Jomo Kenyatta, alijulikana nchini kote kwa jina hilo. Yako pia maneno *shaibu* kwa mwanamume na *ajuza* kwa mwanamke. Kisha liko neno *kikongwe*. Neno hili la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini. Kiambishi ki- kinaliweka katika umbo moja na *kipofu*, *kiziwi* na *kiwete*, yaani majina yanayomtaja mtu kwa kile alichopungukiwa nacho. Ingawa upatanisho wa kisarufi unasalia kuwa wa viumbe hai, kwa mfano "kikongwe huyu amefika", umbo la neno lenyewe limekwisha kumpunguza mtu.

Kwa hiyo, lugha inatoa picha mbili za uzee. Ya kwanza ni ya heshima, na ya pili ni ya udhaifu. Jambo linalozifananisha ni kwamba katika zote mbili mzee ameketi. Hata methali zinazomsifu mzee humsifu kwa kazi ya kinywa, macho na akili. Penye wazee haliharibiki neno: hapo mzee ni mshauri. Kuishi kwingi ni kuona mengi: hapo mzee ni shahidi. Ni nadra kupata methali inayomsifu mzee kwa miguu yake. Kinyume chake, iko methali isemayo kwamba mtembezi hula miguu yake, ambayo imekuwa silaha mikononi mwa wale wanaotaka mzee asitoke nyumbani.

Hata hivyo, itakuwa makosa kudai kwamba Kiswahili kimemhukumu mzee kukaa. Chunguza neno *kustaafu*. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake katika lugha hiyo ni kuomba kuachiliwa wajibu wa kazi. Mtu anapostaafu huachiliwa ajira, haachiliwi mwendo. Katika utumishi wa umma nchini Kenya, umri wa kustaafu ulipandishwa mwaka 2009 kutoka miaka 55 hadi 60, lakini hakuna waraka wowote uliowahi kuamuru magoti yastaafu pamoja na mwenyewe.

Vivyo hivyo, neno *mazoezi* lina mzizi mmoja na kitenzi *kuzoea*. Katika shule na vyuo, neno hili limefungwa na uwanja wa michezo, filimbi na vijana waliovaa kaptura, hata mzee akilisikia huona kwamba halimhusu. Lakini zoezi, kwa asili ya neno, ni jambo lolote linalorudiwarudiwa hadi likazoeleka. Mama anayekwenda mtoni kila asubuhi yumo mazoezini. Babu anayezunguka boma kila jioni kuhesabu mbuzi yumo mazoezini. Na methali isemayo mgaagaa na upwa hali wali mkavu haikutaja umri wa mgaagaa huyo. Ilimtaka tu asichoke kuzunguka.

Yanayotukia mwilini

Mwili wa binadamu hujengwa na matumizi. Chombo cha chuma kikitumiwa sana huchakaa. Msuli usipotumiwa ndio unaochakaa. Kuanzia umri wa miaka thelathini hivi, misuli huanza kupungua pole pole, na baada ya miaka sitini upungufu huo huongeza kasi. Mifupa nayo huhitaji kubebeshwa uzito wa mwili ili idumishe uimara wake. Viungo vya mwili hulainishwa na mwendo. Moyo ni msuli pia, nao hudhoofika pale unapokosa kazi ya kuufanya upige kwa nguvu. Isitoshe, uwezo wa kusimama wima bila kuyumba hutegemea macho, masikio ya ndani, misuli na nyayo kushirikiana, na ushirikiano huo hupungua mtu asipoutumia.

Mwaka 1966, mjini Dallas nchini Marekani, watafiti waliwaomba vijana 5 wenye umri wa miaka 20 walale kitandani kwa majuma 3 mfululizo. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa kazi ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye, watu hao hao walipimwa tena, nao walikuwa wametimiza miaka 50. Ilibainika kwamba majuma yale 3 ya kulala yaliwapunguzia uwezo kuliko ilivyowapunguzia miaka 30 ya kuzeeka. Walipofanyishwa mazoezi ya taratibu kwa miezi 6 hivi, waliurejesha uwezo waliokuwa nao kabla ya kulazwa mwaka 1966. Ikiwa majuma matatu ya mapumziko yalimfanyia hivyo kijana wa miaka ishirini, ni dhahiri kwamba miaka mitatu ya kiti cha barazani haiwezi kumwacha salama mtu wa miaka sabini na mitano.

Uhusiano baina ya kazi ya kila siku na afya ya moyo ulidhihirishwa mapema zaidi. Mwaka 1953, daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jijini London. Dereva alishinda ameketi. Utingo alishinda akipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Waliokuwa mautingo walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Hakuna aliyekuwa akienda uwanjani kufanya mazoezi. Ngazi za basi ndizo zilizowafaa.

Huenda msomaji akauliza kama mtu aliyekwisha kudhoofika anaweza kupata nafuu. Jibu lilipatikana mwaka 1990 mjini Boston. Watafiti waliwachukua wakazi 10 wa makao ya wazee, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90, wakawafunza kuinua uzani kwa miguu kwa muda wa majuma 8. Kwa wale waliomaliza mafunzo hayo, nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Fauka ya hayo, uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 uliwahusisha watu 1,635 wenye umri wa miaka 70 hadi 89. Kundi moja lilitembea na kufanya mazoezi ya nguvu na mizani ya mwili. Kundi jingine lilipewa masomo ya afya tu. Baada ya miaka 2.6 kwa wastani, hatari ya kupoteza uwezo wa kutembea mita 400 ilikuwa imepungua kwa asilimia 18 katika kundi la kwanza. Somo hapa ni bayana: kumweleza mzee kuhusu afya hakutoshi, miguu yake lazima ipate kazi.

Kuna faida nyingine zisizopaswa kupuuzwa. Mazoezi husaidia kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, hupunguza maumivu ya viungo, huleta usingizi mzuri na huondoa majonzi. La muhimu zaidi, humkinga mzee dhidi ya kuanguka. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wale waliopita miaka 60. Mpango wa mazoezi ya nyumbani ulioanzishwa Otago, New Zealand, katika miaka ya 1990, ambao huimarisha miguu na mizani ya mwili, ulipunguza visa vya kuanguka kwa takribani asilimia 35 miongoni mwa wazee walioufuata. Mzee anayekatazwa kutembea ili asianguke, kwa hakika, anaandaliwa kuanguka.

Kiasi kinachopendekezwa

Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 unapendekeza kwamba mtu mwenye umri wa miaka 65 na zaidi afanye shughuli za nguvu za wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma, au shughuli za nguvu nyingi kwa dakika 75 hadi 150. Pamoja na hayo, aimarishe misuli yake angalau siku 2 kwa juma, na afanye mazoezi ya mizani na nguvu kwa pamoja angalau siku 3 kwa juma. Nguvu za wastani hupimwa kwa urahisi: mtu aweze kuzungumza anapotembea, lakini asiweze kuimba.

Dakika 150 kwa juma ni sawa na nusu saa kwa siku 5. Hata hivyo, si lazima nusu saa hiyo ikamilishwe kwa mkupuo mmoja. Zamani ilishauriwa kwamba kila kipindi kisipungue dakika 10. Mwongozo wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo na kusisitiza kwamba kila kiasi kina faida. Wahenga walikwisha kulisema hilo: haba na haba hujaza kibaba. Dakika 5 za kwenda kuwatazama kuku, 8 za kwenda dukani, na 10 za kumsindikiza mjukuu njiani kwenda shule huishia kuwa kibaba kamili.

Kwa upande wa nguvu na mizani, vifaa vinavyohitajika vimo nyumbani. Kile kiti cha barazani chaweza kugeuzwa kuwa kifaa cha mazoezi: mzee ainuke na kuketi mara 5 bila kujisukuma kwa mikono, apumzike, kisha arudie. Asimame nyuma ya kiti hicho akiwa ameshika mgongo wake, ainue visigino juu na kuvishusha. Akizoea, ainue mguu mmoja kwa muda mfupi, kisha mwingine. Chupa mbili za maji zatosha kuimarisha mikono. Hakuna ada ya kulipa wala gari la kupanda.

Hapa inafaa kutofautisha wazee wa mashambani na wa mijini. Mzee wa mashambani ambaye bado analima, anakata majani ya ng'ombe na kwenda sokoni kwa miguu huenda anakitimiza kiasi hicho bila kujua. Huyo hahitaji kuletewa mazoezi mapya. Anahitaji asinyang'anywe aliyo nayo, ila kazi ipunguzwe uzito, si kuondolewa. Ndoo ya lita 20 iwe ya lita 5. Shamba la ekari moja liwe bustani ya sukuma wiki. Mzee wa mjini, hasa aliyestaafu kutoka kazi ya ofisini na kuishi katika nyumba ya ghorofa karibu na runinga, ndiye anayehitaji kuanzishiwa mazoea mapya.

Vizuizi

Kizuizi cha kwanza ni hofu. Mzee aliyewahi kuanguka mara moja huogopa kuanguka tena, na hofu hiyo humfanya apunguze mwendo, nao mwendo ukipungua miguu hudhoofika zaidi. Ni mduara mbaya. Kizuizi cha pili ni maumivu. Mwenye baridi yabisi hudhani kwamba kiungo kinachouma kinahitaji kutulizwa daima, ilhali mazoezi mepesi ni sehemu ya tiba yake.

Kizuizi cha tatu ni aibu. Jamii humtazama mzee anayekimbia au kunyoosha viungo hadharani kana kwamba amerukwa na akili. Aibu hii si sheria ya maumbile, na Wakenya wameona ikivunjwa. Mwaka 2004, Kimani Maruge alijiandikisha katika darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na umri wa miaka 84, akavaa kaptura na soksi ndefu kama wanafunzi wenzake. Kicheko kilikuwapo, lakini dunia nzima iliishia kumstahi. Mwenye kuthubutu kuvaa kaptura kwa ajili ya kusoma amewafungulia wengine njia ya kuvaa raba kwa ajili ya kutembea.

Kizuizi cha nne ni mazingira: barabara zisizo na njia za waendao kwa miguu, magari yaendayo kasi, pikipiki za bodaboda, mbwa, na ukosefu wa mahali pa kuketi mtu akichoka. Hili ni jukumu la serikali za kaunti. Lakini kizuizi cha tano, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote kwa kuwa kimejificha ndani ya wema, ni mapenzi ya jamaa. Mwana huona aibu mbele ya majirani mzazi wake akionekana na jembe. Huogopa kuambiwa kwamba amemtelekeza. Kwa hiyo humketisha, na majirani humsifu.

Namna ya kusema na mzee

Mnyambuliko wa vitenzi unaweza kuwasaidia wanafunzi wa Kiswahili kuona hatari iliyopo. Sikiliza jinsi jamaa wanavyozungumza kuhusu mzee wao: anaketishwa, analishwa, anaogeshwa, anatembezwa. Vitenzi hivi vyote vimo katika kauli ya kutendeshwa. Mzee amekuwa mtendwa wa kila sentensi, na mwanawe au mwuguzi ndiye mtenda. Kwa mgonjwa mahututi, usemi huo ni sahihi. Kwa mzee mwenye afya, sarufi imetangulia kumlaza kabla ya maradhi kumfikia. Ikumbukwe kwamba baina ya *anatembea* na *anatembezwa* kuna mofimu chache tu, lakini kwa mwenye miguu kuna umbali wa maisha mazima.

Upande wa pili wa kosa hilo ni amri. Kijana aliyesoma kuhusu faida za mazoezi hurudi nyumbani akamwambia nyanya yake, "Tembea!" au, "Usikae tu hapo." Dhamira ya kuamuru, inapoelekezwa kwa mkubwa, huwa utovu wa adabu hata ujumbe wake ukiwa wa kweli. Nyanya hataitikia, atajibu kwamba alitembea kabla ya mama yake kijana huyo kuzaliwa, na atasalia kitini. Katika mazungumzo ya namna hiyo, aliyeshindwa ni msemaji.

Njia za staha zipo. Ya kwanza ni nafsi ya kwanza wingi katika dhamira tegemezi: "Nyanya, twende tukaone kama maparachichi yamekomaa." Mwaliko huo haumwelekezi mzee, unaambatana naye. Ya pili ni ombi linalomweka katika nafasi ya mjuzi: "Babu, naomba unionyeshe mpaka wa shamba ulipopita." Babu atatembea nusu saa akieleza habari za miti na majirani, wala hatajua kwamba amefanya mazoezi. Ya tatu ni utani. Katika jamii nyingi za Kenya, wajukuu na mababu wana ruhusa ya kutaniana ambayo wazazi hawana. Mjukuu akimwambia babu, "Leo nitakushinda kufika langoni," huenda babu akainuka kwa sababu ya kicheko kile kile ambacho kingekuwa ufedhuli katika kinywa cha mwanawe.

Ya nne ni kumpa jukumu la kudumu. Wajibu mdogo usioweza kufanywa na mwingine, mathalani kuwafungulia kuku, kumwagilia miche au kupeleka salamu kwa mgonjwa wa jirani, hudumu kuliko mawaidha. Zoezi hushikwa na mazoea, na mazoea hushikwa na haja.

Iko pia njia ya tano, ambayo wazee wenyewe wameionyesha. Katika mtaa wa Korogocho jijini Nairobi, wanawake wakongwe walianza mwaka 2007 kujifunza mbinu za kujihami kwa mikono na miguu, kutokana na visa vya kushambuliwa na kubakwa. Kikundi chao kilipata kujulikana kwa jina la *Shosho Jikinge*. Jina hilo ni funzo la sarufi kwa wanaoshughulikia ustawi wa wazee. Kiambishi -ji- kinamfanya shosho kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Hakingwi na mtu mwingine, anajikinga. Ndiyo maana himizo lililo bora zaidi hutoka kwa wazee wenzake, katika vyama vyao, makanisa na misikiti yao, na vikundi vyao vya kuweka akiba. Wazee watano wanaokubaliana kutembea kila jioni hawahitaji kijana wa kuwasukuma.

Tahadhari

Himizo lolote lisilo na tahadhari laweza kuleta madhara. Mzee mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kisukari, au aliyewahi kupatwa na kiharusi ashauriane na daktari kabla ya kuanza mazoezi mapya. Dawa fulani za shinikizo la damu humfanya mtu apatwe na kizunguzungu anapoinuka ghafla. Kwa hiyo ainuke kwa utaratibu na ashike kitu imara. Aanze na kidogo, aongeze pole pole juma baada ya juma. Avae viatu vilivyofungwa vizuri, wala si patipati. Atembee asubuhi au jioni jua lisipokuwa kali, na anywe maji hata asipohisi kiu. Akihisi maumivu ya kifua, kukosa pumzi kupita kiasi au kichwa kuwa chepesi, asimame mara moja na kutafuta matibabu. Uchovu mdogo na maumivu mepesi ya misuli katika siku za mwanzo ni mambo ya kawaida. Maumivu makali siyo.

Aidha, mapumziko yenyewe si adui. Usingizi wa kutosha na kuketi baada ya kazi ni haki ya kila mwili. Kinachokataliwa ni mapumziko yasiyotanguliwa na chochote. Kitenzi *kupumzika* kinakwenda na *pumzi*, na hakuna anayehitaji kuivuta upya pumzi ambayo hakuitumia.

Hitimisho

Wataalamu wa tiba wamekwisha kutimiza sehemu yao: wamepima, wamehesabu na kuthibitisha. Sehemu iliyobaki ni ya lugha. Miongozo ya afya ya wazee huandikwa kwa wingi kwa lugha za kigeni, na inapofasiriwa, hujaa amri na istilahi ambazo mzee wa Kitui au Kilifi hazimgusi. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana nafasi ya kuandaa matini zinazomwita mzee kwa jina la heshima, zinazomweka katika nafasi ya mtenda, na zinazotumia methali anazozijua. Redio zinazotangaza kwa Kiswahili husikilizwa na wazee kote nchini. Maneno yanayofaa yakipatikana, masikio yapo.

Hata kabla ya matini hizo, kila mwanafunzi anaporudi nyumbani wakati wa likizo, kuna mzee anayemngojea barazani. Baada ya "Shikamoo" na "Marahaba", na baada ya chai, lipo neno la kusemwa. Lisiwe "Pumzika." Liwe, "Nyanya, nisindikize." Naye nyanya, baada ya kulalamika kidogo kuhusu magoti yake, ataweka mikono juu ya kile kiti kilicholetwa kutoka mjini, atakisukuma, na kusimama.